Komeo

Miaka mitatu nilimjua kwa mgongo.
Mimi golini, yeye hatua ishirini mbele,
jezi ya chuo imepauka, sita ya plasta nyeupe
inayobanduka mkia kila mvua ikinyesha.
Elifadhili, jina la cheti.
Sisi tulimwita Komeo.

Tulisoma upimaji, pale Ardhi.
Alishika thiodolaiti
kama mtu anayechungulia dirisha la jirani;
mwalimu akitaja pembe, yeye anawaza winga.
"Kiwanja cha nyumba," aliniambia, "unapiga vigingi vinne,
unakwenda zako kulala.
Cha mpira kinahamisha vigingi kila sekunde,
na wewe uwe umeshafika
kabla mpaka haujahama."
Sijui kama nilielewa.
Nilichojua ni kwamba mwaka ule mzima
sikuchafuka magoti.

Yakaja majaribio ya Mzinga Stars. Mbagala, siku tatu,
vijana hamsini na mmoja, bibu za njano
zinazonuka jasho la waliokatwa jana.
Kocha kwenye kiti cha plastiki anamenya karanga,
ganda moja chini kwa kila jina analofuta.
Komeo hakufunga. Hakupiga chenga.
Shuti lake moja lilikwenda kwa muuza barafu.
Jioni ya pili meneja akauliza:
yule wa kumi na tisa, alicheza kweli?
Kocha akatafuna, akameza.
"Upande ule mwingine walipiga mashuti mangapi?"
Meneja akatazama daftari, akageuza karatasi,
akairudisha.
"Basi alicheza."

Dirisha la usajili lilikuwa linafungwa saa sita usiku.
Hosteli umeme umekatika,
simu yake imebaki asilimia nne,
hakuna aliyeigusa hata kutazama saa.
Mchana baba yake alishapiga kutoka Same:
maliza shahada, mpira ni wa miguu, na mguu huvunjika.
Saa tano na dakika arobaini ikalia.
Alikuwa mama, anauliza kama amekula.
Saa tano na hamsini na moja ikalia tena.
Alisema "ndiyo" mara tatu,
akakumbuka "shikamoo" mwishoni kabisa,
simu ikazima.
Hatukujua mshahara. Hatukujua miaka mingapi.
Tulikaa gizani, wanafunzi watatu
na mtu mmoja mwenye kazi.

Kisha benchi. Mechi kumi na moja, nilihesabu.
Mimi nilikuwa napima viwanja Goba,
nabishana na wazee juu ya mnazi uliopo mpakani,
na kila Jumamosi nawasha redio kusikia kikosi,
nasikia majina kumi na moja, nazima.

Ya kumi na mbili, dakika ya themanini na tatu, wakamwingiza.
Nilikuwa kibanda umiza cha Mwenge, mia tano mlangoni,
buti zina udongo mwekundu hadi kwenye kamba.
Kamera inafuata mpira, na watu wote wanaifuata kamera.
Mimi nilitazama pembeni mwa kioo,
kule ambako mpira bado haujafika.
Mshambuliaji wao akageuka, akaona njia, akatoa pasi,
na Komeo alikuwa amesimama pale
kana kwamba tangu juzi.
Mtangazaji hakumtaja. Alisema tu, "Mpira unapotea."
Jirani yangu akasonya: huyu mpya anafanya nini?

Ningemjibu nini?
Goli lile halina dakika, halina mfungaji,
hakuna gazeti litakaloliandika kesho.
Nimeishi nyuma ya magoli kama hayo miaka mitatu,
nikasifiwa mimi.

Mpira ukatoka nje. Kamera ikakosa cha kuonyesha,
ikamgeukia.
Kumbe anauma mdomo wa chini.
Kumbe ana kovu dogo juu ya nyusi.
Akatazama nyuma, juu ya bega, kuelekea golini,
kuhakikisha kuna mtu.

Nikainua mkono, kama zamani.
"Unamwita nani?" jirani akauliza.
Nikaushusha,
nikaagiza soda.