Siku Kumi na Nne za Majaribio

Kompyuta niliinunua kwa Onzima, nyuma ya stendi ya Arua.
Haina herufi M: nikitaka kuandika "muziki"
nabonyeza shimo lake kwa ncha ya kalamu.
Betri ilikufa zamani, Mungu airehemu;
umeme ukikatika, nayo huzimika katikati ya neno.

Ayikoru anaolewa tarehe ishirini.
Dada yangu huyo hataki dijei wa mjini:
laki nane, jenereta juu yako, na soda zake.
"Wewe si una masikio?" akaniambia. "Nitengenezee.
Saa tatu, zisikatike. Na mzee awemo."

Mzee awemo.
Mzee wetu yumo kwenye kaseti moja, dakika nne,
anapiga adungu, kuku analalamika nyuma yake,
na mama anauliza chumvi iko wapi.

Basi nikatafuta programu.

Ya kwanza ilijipamba kuliko bibi harusi:
mawimbi ya buluu, visahani viwili vikizunguka kama vya kweli.
Bei kwa dola. Nikaigeuza shilingi: mbuzi mdogo.
Kila mwezi, mbuzi mdogo.
Nikikosa kumtoa, mlango unafungwa
na kazi yangu imo ndani.

Ya pili Onzima alinipa kwenye flashi.
"Imevunjwa kufuli," alisema, kama anayesifia embe.
Ilikuja na wageni wake. Kulipokucha
mafaili yangu yalikuwa majina matupu,
unabisha hodi, hakuna mtu nyumbani.
Kaseti nilikuwa sijaihamisha bado.
Uvivu, siku hiyo, ulinifaa.

Ya tatu ilisema: nitumie siku kumi na nne, kisha tuongee.
Siku tisa tuliishi vizuri.
Nilimimina rumba ya Kongo ndani ya ngoma za Kampala
kama maziwa toka kibuyu hadi kibuyu,
tone halikuanguka.
Ya kumi nikahifadhi, nikasikiliza.
Kila dakika ya tatu, juu ya gitaa,
mwanamke mpole, kwa Kiingereza cha hospitali,
alitangaza kwamba hili ni toleo la majaribio.
Nilimkata. Akarudi.
Watoto wa Candiru, jirani, walikuwa dirishani
na walikwisha kumpenda.
Walicheza wakimngoja, wakasimama alipofika,
wakasema naye kwa sauti moja,
kisha wakaanguka kwa kicheko.

Ya nne imeandikwa na watu nisiowajua, hawadai kitu.
Haina sura. Ni ya kijivu, uji wa mgonjwa.
Usiku mbili nilitafuta kitufe cha kupunguza sauti
na kilikuwa mbele ya pua yangu.
Lakini umeme ulikatika saa nne,
ukarudi saa nane, nikaiwasha, ikaniuliza:
nikurudishie ulichokuwa ukifanya?
Sijawahi kuulizwa hivyo na mtu.

Nikamweka mzee kati ya rumba mbili.
Kipima mapigo kikamhesabu: tisini na sita,
mia na moja, tisini, kisha kikaweka alama ya kuuliza.
Kuna kitufe cha kumnyoosha.
Nilikibonyeza mara moja tu: adungu ikatembea gwaride,
kuku akawa wa plastiki.
Nikatengua haraka.
Nikazipinda rumba badala yake, kwa mkono,
sekunde baada ya sekunde, zimfuate yeye.

Tarehe kumi na tisa Ayikoru alivaa hedifoni, hina haijakauka,
akachomoa waya kwa bahati mbaya, na nyumba nzima ikasikia:
kuku, nyuzi, chumvi iko wapi.
Mama alikuwa akipita na beseni. Akasimama.
"Ilikuwa chini ya kitanda," akasema.
"Aliificha yeye. Daktari alikuwa amemkatazia mimi niambiwe,
nikajua kwenye mazishi."
Akaendelea na beseni lake.

Ayikoru alisema: usibadilishe kitu.

Ni watoto wa Candiru tu hawakuridhika.
Walisikiliza dirishani hadi dakika ya tatu, ya sita, ya tisa,
mmoja akagonga kioo:
"Na yule mama yuko wapi?"