Nyuma ya Shuka

Tororo, landhi za reli, mwaka nyasi zilipoungua
hadi mguuni pa mwamba,
sisi wadogo tulikalishwa nyuma ya shuka.
Mbele ni kwa wenye viatu.
Kwetu picha ilifika kinyume:
mtoto wa sinema alikula kwa mkono wa kushoto,
polisi alimfukuza kuelekea Malaba,
na maandishi yaliyomulika kati ya picha na picha
yalikuwa wadudu tu, wamelala chali.

Hatukuyahitaji. Tulikuwa na Oketcho,
karani wa mizani, na tarumbeta yake ya bati.
Sinema ilikuwa bubu; yeye ndiye koo lake.
"Huyu mtoto," alinguruma, "kofia kaazima kwa mjomba!
Mama yake? Kaenda Mbale kununua chumvi.
Atarudi. Treni imechelewa tu."
Tukacheka hadi shuka ikatikisika,
na uso wa mtoto ukakunjamana, ukacheka nasi.

Miaka mitatu, mkanda uleule,
umekwaruzika hadi mvua ikawa inanyesha
ndani ya nyumba yake, juu ya meza, juu ya mkate.
Nyafwono alijifunza kuanguka kama yeye,
miguu juu, kofia palepale.
Mimi nilijifunza herufi.

Kisha nikapata viatu.
Nikahamishiwa mbele.
Mtoto akabadili mkono, akala kwa wa kulia kama watu,
polisi akamfukuza kuelekea Jinja,
na wadudu wakasimama wima, wakawa maneno.
Nikayasoma polepole, kidole hewani,
kwa Kizungu changu cha darasa la nne:
mama yake walimzika Jumatatu.

"Chumvi!" akapaza Oketcho. "Kaenda kununua chumvi!"

Nikageuka.
Hakuwa akitazama picha, anaijua kwa moyo.
Alitazama chini ya pindo la shuka,
safu ya miguu midogo, peku, yenye vumbi la makaa,
na katikati yao miguu ya mdogo wangu Opendi,
ambaye tangu Pasaka
huuliza kila jioni treni ya Mbale itaingia saa ngapi,
nasi nyumbani humjibu, kila mtu saa yake.

Mashine ikakohoa. Picha ikakwama
mtoto akiwa mlangoni, mdomo wazi.
Katika kimya kile sauti ya Opendi ikapenya kitambaa:
"Kaka, wewe unaweza kusoma.
Wameandikaje?"

Viatu vilinibana.
"Chumvi," nikasema. "Wameandika chumvi."