Robo Mzunguko

Baba alinyoosha ringi za baiskeli Ngamiani,
Barabara ya Kumi na Mbili, chini ya bati lililotoboka kama chujio.
Gurudumu juu ya uma, chaki karibu na ukingo,
anazungusha, anasikiliza:
chaki ikikwaruza, hapo ndipo pana ugonjwa.
Kisha spoki moja. Nipeli moja. Robo mzunguko.
"Usiimalize leo," aliniambia. "Chuma kina kinyongo.
Ukikikaripia kitapiga nane."

Nilipokodi chumba cha kunyooshea meno Barabara ya Nane
alicheka mpaka akakohoa.

Sasa ni mwaka wa sita, juu ya duka la vitenge.
Nakausha jino, napaka tindikali, nahesabu hadi thelathini,
nasuuza, nagandisha kibati kidogo kama punje ya mtama,
namulika taa ya buluu.
Waya wa kwanza ni mlegevu ukiwa baridi;
ukipata joto la ulimi unakumbuka ulivyokuwa.
Watoto huchagua rangi ya mpira: nyekundu na nyeupe, wakiwa wa Coastal.
Milimita moja kwa mwezi.
Mfupa unabomoka mbele ya jino, unajengwa nyuma yake,
huku mwenye mdomo anakula wali wake.

Mengine chuoni hawakunifundisha.
Umeme ukikatika, chungu cha mvuke huanza upya kuchemsha vyombo
na wagonjwa watatu wanakodolea feni iliyosimama.
Mzigo wa waya kutoka Dar umelala Segera.
Na kwenye daftari la Mwantumu, mstari wa Hoza Shemdoe:
Hakuja. Hakuja. Simu haipatikani. Hakuja.
Laki tatu na nusu, kwa kalamu nyekundu.

Usiku mmoja wa mwezi wa tano nilishtuka, si kwa ajili ya deni.
Springi.
Niliifunga mwenyewe, ivute chonge la kulia lirudi nyuma,
lijaze pengo la jino tulilong'oa.
Springi haijui kwamba ada imekwama.
Inavuta Ijumaa, inavuta Idi, inavuta mtu akiwa amelala.

Nikapanda baiskeli ya baba hadi Makorora.
Mama yake, anayemenya machungwa ya Muheza stendi ya Kange,
alisimama mlangoni na kisu mkononi, amekisahau.
"Daktari, ungetuma ujumbe tu. Majirani wanaona."
Hoza akatoka nyuma ya pazia, mdomo ameufunga kama bahasha.
Akakunjua kiganja: karatasi ya daftari la hesabu, imekunjwa mara nne,
ndani yake kibati kimoja, kimeoshwa.
"Kilibanduka. Sikukiuza."

Nikamulika kwa simu. Chonge lilikuwa limefika,
kisha likaendelea, likainama
kama mtu aliyeegemea mlango ukafunguliwa ghafla.
Fizi zimevimba. Nikaikata springi palepale, kwenye kiti cha plastiki,
ikalia tik, kidogo tu,
na mvulana akashusha pumzi ya miezi mitano.

Mwantumu alisema kliniki si zaka.
Kweli. Kodi ya pango ni tarehe tano.
Niliandika: elfu tano kila Jumamosi, na aje hata asipokuwa nayo.
Akalikata neno "hata". Nikalirudisha.
Bado tunavutana.

Jumamosi amekuja, amepiga mswaki mpaka fizi zimetoka damu.
Naweka karatasi ya buluu kati ya meno.
Uma, namwambia. Sugua kushoto. Sugua kulia.
Doa moja limekolea kuliko mengine, kwenye ncha ya chonge.
Hapo.
Nashika koleo, naukunja waya kidogo,
kidogo kuliko ninavyotaka.