Fidla ya Tosamaganga

Kichwa kimejikunja kama jongoo aliyeguswa.
Mgongo ni ubao mmoja, michirizi yake
kama Ruaha Ndogo upepo ukiipitia.
Ndani, ukimulika tochi, kuna karatasi:
jina la fundi limeliwa na mende,
umebaki mji, Brescia,
na mwaka uliokatika mkia.

Padre alikuja nayo. Akamwachia babu,
katekista Kihwele, aliyeipiga mazishini tu.
Baba akaiweka rehani kwa madebe matatu ya mahindi,
mwaka ule wa njaa;
mama akaikomboa kwa ulanzi,
masika nzima akigema.

Kigingi kimoja si cha Ulaya. Ni mninga,
babu alikichonga kwa kisu cha jikoni.
Mnunuzi wa Dar anasema kinashusha bei.

Ndicho ninachokishika kwanza
nikikaza nyuzi alfajiri, baridi ikiuma vidole.