Kiwiko cha Kinyozi

Jumanne, saa tatu usiku, ghorofa ya pili,
kibanda namba kumi na saba.
Baridi ya Gunsan inapenya wavu wa kijani
na hita juu ya vichwa vyetu inakoroma bure.
Mpira unachomoza sakafuni wenyewe,
mweupe, kama jino la mtoto,
na Bwana Pyo anauinamia
kama mtu anayeomba radhi mapema.

Anapiga. Mpira unatoka, unalegea,
unapinda kulia, unafia wavuni
karibu na bango la mita themanini.
"Upepo tena," anasema.
Humu ndani hamna upepo.

Kosa nililiona tangu wiki ya kwanza:
mkono wa kushoto, ukishaupita mpira,
badala ya kunyooka na kuufuata mwili unavyogeuka,
unakunjika. Kiwiko kinachomoka nje,
bawa la kuku anayefukuzwa jikoni,
uso wa fimbo unabaki wazi
na mpira unakwanguliwa tu.

Nilimwambia, nyoosha. Akakakamaa,
mabega yakamfika masikioni.
Nilimwambia, legeza. Akalegeza mpaka fimbo ikamponyoka,
ikaangukia ghorofa ya chini, kwa Bibi Seok,
ambaye hufanya mazoezi na viatu vya mvua.
Aliirudisha bila neno.

Maneno hayafiki kwenye kiwiko.
Yanaishia sikioni, yanakaa pale
kama wageni wasiokaribishwa chai.

Leo alichelewa. Alikuja na koti la kazi,
nywele za watu wengine mabegani.
Miaka thelathini na minne anachonga ndevu
za mafundi wa meli na wastaafu wa reli.
Sijui kwa nini sikuwahi kumwuliza.
"Nionyeshe," nikasema, "unavyonyoa."

Akacheka. Kisha akasimama nyuma ya kichwa cha hewa,
akakivuta ngozi ya shavu kwa vidole viwili,
akateremsha wembe wa hewa,
na kiwiko cha kushoto kikapanda chenyewe,
kikajitenga na mbavu,
kikasimama pale kama askari wa getini.

"Lazima kiwe juu," akasema. "Kikishuka
kinamgusa mteja usoni.
Baba alinipiga rula hapa,"
akagusa mfupa, "kila kiliposhuka."

Kumbe.
Miezi mitatu nafukuza kosa
na kosa lenyewe ni adabu:
mkono unamstahi mtu ambaye hayupo.

Mfukoni mwake mlikuwa na taulo dogo la dukani.
Nikalikunja mara mbili, nikalibana
kwapani mwake, upande wa kushoto.
"Fimbo namba tisa. Toka kiunoni, ishia kiunoni.
Usijali mpira unakwenda wapi.
Kazi yako ni kulinda taulo."

Likaanguka.
Akaliokota, akalikung'uta kwa mkupuo mmoja,
kama anayemwita mteja anayefuata.
Likaanguka. Likaanguka.
Mara ya sita akalitukana, kwa heshima.
Mara ya saba
kifua kikageuka, mkono ukaambatana nacho,
na mlio ukawa mwingine, mkavu, mfupi,
tak,
mpira ukaenda chini chini, wima, mita hamsini,
si kitu cha kumsimulia mtu.
Yeye hakuutazama.
Alikuwa anachungulia kwapa lake.

Pigo la nane, bawa likarudi.
La tisa pia. La kumi, nusunusu.

Alipokuwa anavaa glavu za baridi akaniuliza,
uso umeingia wasiwasi kweli:
"Kesho nina vichwa vinane.
Je, kikishuka?"

Hilo sikulifikiria. Nimesomea mabega, nyonga,
uzito unavyohama mguu hadi mguu;
hakuna aliyenifundisha nyuso za watu wengine.
"Kesho kipandishe," nikamwambia.
"Alhamisi tutakishusha tena."

Akainama, akaniaga, akashuka ngazi taratibu,
mkono wa kushoto umeganda ubavuni,
taulo bado liko kwapani.
Nyuma yangu mashine ikainua mpira mwingine.