Dirisha la Daktari

Sentimita mia na ishirini kwa tisini.
Sihitaji tena futi ya kupimia.
Dirisha hili nimelitia kioo mara nne
katika nyumba ya Daktari Hazim Sattuf,
aliyeondoka na mkoba mmoja na funguo zote
usiku ule daraja la Furati lilipokatika.

Wa kwanza walitanguliza ndege zisizobisha hodi.
Ofisa wao, shingo nyekundu kwa jua letu,
alichungulia magharibi, nyuma ya milima,
akaiona bandari isiyoganda maji.
“Tumekuja kuilinda serikali,” akasema mkalimani.
Nikakata kioo. Walilipa kwa sukari.

Wa pili waliona barabara:
inatoka kwao, inapita sebuleni kwa daktari,
inakwenda hadi kwa ndugu zao kando ya bahari.
“Tumekuja kulinda makaburi matakatifu,” akasema mkalimani.
Makaburi yetu mapya hawakuyauliza.

Wa tatu, wa ng'ambo ya mpaka wa kaskazini,
waliona Wakurdi, Wakurdi tu,
hata mforosadi wa uani waliushuku.
Wakaniamuru nizibe nusu kwa tofali.
Nikaziba.
Miezi saba chumba kile kilikuwa jicho lenye chongo.

Wa nne walivunja tofali, wakaleta kioo chao,
kinene kama msahafu, risasi haipenyi.
“Magaidi,” akasema mkalimani.
Lakini jioni niliwaona wakinywa kahawa
wameuelekea mwali wa visima vya mafuta
kama watu waotao moto.

Mkalimani ni yule yule, mara zote nne:
Shahir, mpwa wangu. Alibadilisha kofia tu.
Siku moja nilimwambia, waulize, na sisi wanatuonaje?
Akakohoa, akawauliza kama chai inatosha.

Tulianza sisi wenyewe, sikatai.
Ilikuwa bei ya mkate,
na mwalimu wa hisabati aliyekamatwa hakurudi.
Hayo nayakumbuka. Wanangu hawayakumbuki.
Iyad amevaa buti za kaskazini,
Luay amevaa za ng'ambo ya bahari,
na mama yao, Ghusun, huwapikia wote wawili
sufuria moja, kwa zamu, ili wasikutane.

Msinihubirie habari za tembo na nyasi.
Tembo wenyewe hawakuja hapa.
Walituma pembe,
na waliozishika ni watoto wa mtaa huu.

Mwezi jana hotelini, mbali, kwenye madirisha mazima,
waliketi wote wanne kuzungumzia amani yetu.
Shahir alikwenda. Anasema zulia lilimeza nyayo.
Anasema waliandika aya kumi na moja
wakagombana juu ya koma.

Jana Daktari Hazim alinipigia simu kutoka Malmö.
Hakuuliza nani yumo nyumbani mwake.
Aliuliza, je, mforosadi umezaa?
Nilikuwa chini yake, puti imekauka vidoleni.
Umezaa, nikamwambia. Sana mwaka huu.
Sikumwambia nani anakula.