Siku ya Kumi na Tano

Ilani ilibandikwa nyuma ya kioo, ghorofa ya tatu,
mkesha wa Idi. Karani akafunga, akaenda zake.
Sisi huku Jomvu Kuu tulikuwa tukikuna nazi.
Siku ya kwanza ikahesabiwa papo hapo,
juu ya mlango uliofungwa.

Fikirini ndiye aliyeiona,
kaja kufuata kibali cha kioski.
Kaipiga picha kwa simu yenye ufa:
mikoko yetu, toka kisimani hadi makaburini,
imekuwa “eneo la akiba la makontena.”
Asiyeridhika akate rufaa
ndani ya siku kumi na nne.

Tulifika ya kumi na tano.

Karani wa masjala hakuwa mtu mbaya.
Alitupa viti. Alisema, “Mmechelewa, mama,”
kama amwambiaye mgeni kuwa wali umekwisha.
Nikamuuliza: na Mamlaka, inayodaiwa majibu tangu mwezi wa pili?
Akafungua jalada. Imeongezewa muda.
Mara ngapi?
Akahesabu kwa ncha ya kalamu. Nne.

Kumbe muda ni mpira:
akiuvuta mkubwa hurefuka,
akiuvuta mdogo humkatikia mkononi.

Mbele ya jopo wakili wao alisimama,
tai ya buluu, maji ya chupa.
“Waheshimiwa, kabila si mtu. Halina cheti, halina namba,
haliwezi kula kiapo. Ni nani hasa anayelalamika?”

Nikainuka mimi, Mwanaamina binti Shekuwe,
katibu wa kamati, daftari kwapani.
Sikusoma sheria, sikuijua.
Nilisoma nani alimzika nani,
upande gani wa mikoko, mwaka wa mvua ipi.
Nilipofika jina la arobaini na moja
mwenyekiti alivua miwani
akasema, inatosha.

Sijui ilitosha kwa lipi.

Hatujashinda, msije mkatangaza.
Tumepangiwa siku ya kusikizwa
iwapo tunastahili kusikizwa.
Risiti ninayo, muhuri wake umekaa upande,
nimeiweka katika mkebe wa biskuti
pamoja na sindano na nyuzi.

Ilani ya pili wameileta nyumbani:
kijana wa pikipiki, hataki hata kuvua kofia,
anataka sahihi tu aondoke.
Nikamwambia, keti.
Nikaandika jina langu herufi kwa herufi,
na la baba, na la babu,
kisha tarehe.
Kisha nikamuuliza saa ngapi,
nikaiandika na saa.